Msiba Uliopelekwa kwa Mjomba

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyoimbishwa shuleni. Philémon Bisimwa alisikia. Mjomba wake alimwambia nenda ukamzike mama yako, naye akaenda siku hiyohiyo bila kubisha, na kwenye kona moja ya njia ya Walungu, kabla ya Mugogo, wakamvunja mguu, kisha shingo.

Jumamosi asubuhi Mkaguzi Emérence Nsimire alisimama kwenye kona hiyo, viatu vyake vimezama katika tope jekundu. Pembeni yake dereva wa kamioneti alikuwa akionyesha kwa kidole mahali alipofunga breki.

"Balikuwa banne, maman inspecteur. Makoti ya mvua, bunduki mbili. Bakauliza: Philémon iko wapi?"

"Kwa jina?"

"Kwa jina. Nilikuwa na magunia ya mahindi, na maman moja wa biashara na vitenge vyake vyote. Habakugusa kitu."

"Hata kidogo?"

"Baliomba sigara. Nikabapa."

"Wakasema nini?"

Dereva alijikuna shingo. "Balisema merci, asante."

Emérence alishuka hadi mtaroni. Majani yalikuwa yamelala upande mmoja, palipoburutwa mtu. Hapakuwa na kingine. Mvua ya Jumanne usiku ilikuwa imefagia.

"Majambazi wa merci," alisema alipopanda tena barabarani. "Unirudishe mjini."

* * *

Mkubwa wake alikuwa amekwisha kuandaa karatasi. Aliisukuma juu ya meza, kalamu juu yake.

"Majambazi," alisema. "Na aliyewaita tunaye ndani. Isidore, operateur wa foni ya Walungu. Yeye njo alituma ile habari ya uongo kwamba mama ya Philémon amekufa. Baligombana mwezi uliopita, soko lote lilisikia. Tia saini."

"Dereva anasema walimwita kwa jina, mizigo hawakugusa."

"Isidore alibapa jina."

"Isidore alipata wapi watu wenye bunduki?"

"Emérence." Mkubwa alivua miwani. "Kesho kisha Misa ya pili, kampuni, serikali na bateja banakutana mu ukumbi ya paroisse. Leseni ya kampuni inaisha. Sitaki mutu asimame pale kuuliza nani aliua Philémon. Nataka ikuwe imejibiwa."

"Basi nipe mpaka kesho, chef. Nitaijibu."

Hakuichukua kalamu.

Mkutano huo aliujua kila mtu Bukavu. Simu ya serikali ilikuwa imekufa miaka mingi, na mji mzima ukabaki mikononi mwa kampuni moja, Mawimbi-Kivu, yenye redio za kupigiana sauti Walungu, Sange, Kamituga na Shabunda. Watu waliziita foni. Mfanyabiashara, mtawa, mke wa mchimba dhahabu, wote walipanga mstari kwenye kaunta ileile wakalipa, wakasema ya nyumbani kwao mbele ya chombo. Nyuma ya kaunta palikuwa na chumba kisichofunguliwa, na ndani yake mtu wa usalama aliyevaa visikilizio masikioni.

Kampuni ilisema: hewa ni ya serikali, sisi tutafanya nini? Serikali ilisema: ni kwa ajili ya usalama wenu. Philémon, mwalimu wa sekondari, alisema neno ni la yule aliyelipa kulisema. Tangu vyama viruhusiwe na watu waanze kunena hadharani, yeye ndiye aliyewakusanya wateja. Kisha akawapata wanawake wa wachimbaji dhahabu wa Mwenga, upande wa Kamituga. Kila mmoja wao alikuwa ametaja kwenye foni siku ambayo mumewe angetoka shimoni, na kila mume alikuwa amevamiwa njiani siku hiyo, akanyang'anywa alichobeba. Jumapili Philémon angewasimamisha mmoja mmoja waseme.

Jumanne akafa. Alhamisi akazikwa. Wanawake wale sasa hawakutaka kufungua mlango.

* * *

Msiba ulikuwa kwa mjomba, Muzee Mushagalusa, juu kabisa mtaani Kadutu, ambako nyumba zinakaa begani mwa nyumba nyingine. Mjane, Adolphine, alikuwa ameketi chini na kitenge kimefungwa kifuani. Karibu naye mwanamke mzee alichambua maharagwe katika ungo, akitupa mabaya, akirudisha mazuri.

"Huyu ni nani?" Emérence alimwuliza muzee kwa sauti ya chini.

"Ni dada yangu, Constance. Mama ya Philémon. Ule waliyesema amekufa."

Mwanamke hakuinua macho. "Batu balikuya na majembe," alisema. "Nilikuwa mu shamba, ninachuma haya maharagwe. Banauliza: kaburi tuchimbe wapi? Nikacheka. Bado ninacheka, balileta mutoto."

Emérence akamgeukia muzee.

"Papa muzee, nani alikuletea habari?"

"Kijana wa kampuni. Alipanda mpaka hapa, jasho tupu. Akasema, operateur anakuita, kuya na batu babili."

"Ulienda?"

"Nilienda na majirani. Yule mutoto muke wa foni, Martine, alitutia pembeni, akatupa viti. Alitupa maji. Kisha akasema: Walungu banasema Constance ametuacha, azikwe kesho, Philémon afike leo." Alipangusa paji la uso. "Nikaomba nisemeshane na Walungu. Akasema hewa ni mubaya, Walungu haisikilikane. Tukaenda kumutafuta Philémon. Njo mimi nilimwambia aende. Mudomo yangu."

"Mlimkuta wapi?"

"Kulekule! Alikuwa ku kaunta ya kampuni, anagombana na patron, mukubwa yao, juu ya ile mambo yake. Tulimupita wakati wa kuingia, akatusalimia. Akauliza, mujomba, munatafuta nini huku?"

Emérence alisogea karibu. Kisha akauliza swali ambalo jibu lake alilijua tangu utoto wake, ili alisikie likitamkwa.

"Martine alikuwa anamwona Philémon?"

"Kama vile ninakuona."

"Kwa nini hakumwambia mwenyewe?"

Muzee alimtazama kama anayemtazama mlevi. "Mutoto yangu, ulizaliwa wapi? Kifo hakitupwe mu hewa. Mutu haambiwe mama yake amekufa akiwa amesimama mu njia. Habari inapelekwa kwa mujomba, mujomba anakuya na batu babili, banaikala, banakunywa maji, kisha banasema. Ma-operateur ya hapa yote banajua hivi."

"Ya hapa," alisema Emérence.

* * *

Katika chumba cha mahabusu, Isidore alikuwa amevimba jicho moja. Alijaribu kutabasamu kwa upande uliobaki.

"Maman inspecteur, mumesikia? Niliua mutu na redio. Na redio yenyewe ilikuwa bubu."

"Eleza."

"Betri ya Walungu ilianza kufa dimanche, Jumapili ile. Kesho yake, lundi asubuhi, nilipata sauti kidogo tu, nikaambia Martine: nafunga, natuma betri huko ichajiwe, nitarudi ikirudi. Nikaipakia ku gari. Mardi, Jumanne ile, ningetuma habari na nini? Na filimbi?"

"Umewaambia hivyo waliokukamata?"

"Nilibaambia." Aligusa jicho. "Hii njo jibu."

"Na ugomvi wako na Philémon?"

"Ujumbe ya bibi yake Adolphine ilipotea, akanitukana mu soko: wewe unakula pesa ya batu. Kisha akarudi kuomba pardon. Tulikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, pamoja. Mutu wa kelele, lakini mutu."

Kutoka hapo Emérence aliteremka hadi mtaa wa Essence, kwa fundi wa kuchaji betri. Alikuta kumi na kitu zimepangwa ukutani, zimekaa tu, kwa kuwa mji haukuwa umepata umeme wiki nzima. Ya Walungu ilikuwa ya tatu, imepakwa herufi nyeupe ubavuni. Fundi alisema ilishushwa Jumatatu na tangu hapo haijaondoka. Dereva aliyeileta alisema vilevile, na hao wawili hawakuwa na sababu ya kupatana.

Basi habari haikutoka Walungu. Ilitengenezwa Bukavu, na mtu aliyejua kwamba Walungu imefungwa, kwamba muzee akiomba kuhakikisha atajibiwa na ukimya.

Wenye kujua walikuwa watatu: patron wa kampuni, mtu wa chumba cha nyuma, na operateur wa Bukavu.

* * *

Patron wa Mawimbi-Kivu aliitwa Constantin, mtu wa Kinshasa, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likakaa wima lenyewe. Alimkaribisha Emérence kiti, kahawa, na masikitiko.

"Mawimbi hayana ukuta, madame. Mwenye masikio anasikia. Bateja wetu banataka tubajengee ukuta hewani. Sasa huyu maskini Isidore, tutamufukuza kazi, bien sûr."

"Jumanne, Philémon alikuwa hapa?"

"Kila siku alikuwa hapa! Alikuwa ananitukana mbele ya bateja."

"Habari ya kifo ilipofika, kwa nini hukumwambia?"

"Kumwambia mimi?" Constantin alifungua mikono. "Nilishangaa hata. Mutu iko mbele yetu, na Martine anatuma kijana kupanda mulima kutafuta mujomba. Nilimwambia, Martine, si huyu hapa? Akanitazama vibaya. Ninyi batu wa huku muko na mambo."

Alicheka. Emérence hakucheka. Patron alikuwa amejiondoa mwenyewe miongoni mwa watengenezaji wa habari ile, lakini alikuwa amesema pia kwamba aliijua kabla mjomba hajafika.

"Na mtu wa chumba cha nyuma? Ni wa hapa?"

"Kile chumba ni magazini, stoo tu, madame. Ndani hakuna mutu."

Nyuma ya ukuta mtu alikohoa.

Martine alikuwa kwenye chombo, akimwita Sange. Alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti nene, sauti ambayo nusu ya mkoa iliijua bila kuijua sura yake. Emérence alingoja Sange ijibu, mtu aulizie bei ya muhogo, Sange ifunge. Kisha akavuta kiti.

"Jumanne ulisikia nini kutoka Walungu?"

"Isidore alisema maman Constance amekufa."

"Sauti ilikuwa nzuri?"

"Mbaya kidogo."

"Betri ya Walungu iko Essence tangu Jumatatu. Nimeishika kwa mkono wangu."

Martine aliteremsha kipaza sauti taratibu, akakilaza mezani.

"Nilidhani ni patron," Emérence alisema. "Kisha nikadhani ni yule anayekohoa. Lakini hao ni wageni. Wangemwambia Philémon palepale, alikuwa amesimama mbele yao. Nani ajisumbue kutuma kijana Kadutu? Nani ajue mjomba ni yupi? Wewe ulitafuta mjomba, ukataka watu wawili, ukatoa viti, ukatoa maji. Uongo wako ulikuwa na adabu, Martine. Adabu ndiyo iliyokukamata."

"Ungemwambia mutu mama yake amekufa mu kaunta?" Martine aliuliza. "Mbele ya batu?"

"Mama yake hakufa."

"Hata hivyo."

Foni ilikoroma. Kamituga ilikuwa ikiita. Hakuna aliyeijibu.

"Nani alikutuma?"

Martine alitazama mlango wa chumba cha nyuma, kisha ule wa patron. "Balikuwa babili. Balisema: utoe yule mutu mu mji mpaka dimanche ipite. Tafuta namna, wewe unajua batu yako. Sikuuliza. Hapa mutu haulize."

"Na barabara? Nani aliwaambia wenye bunduki gari gani?"

"Philémon alinisemesha mwenyewe wakati wa kutoka. Aliniomba niite Walungu ikifunguka, niseme anakuya na gari ya mahindi." Aligonga ukuta kwa kidole. "Alisema pale, mbele ya kaunta. Ukuta ni mbao."

"Isidore yuko ndani kwa ajili ya kazi yako. Jicho lake moja halifunguki."

"Nilisikia."

"Kesho baada ya Misa ya pili nitasema mbele ya watu kwamba habari ilitengenezwa hapa. Nina betri. Nina mjomba. Waliokutuma sina. Nitakuwa na wewe, au sitakuwa na kitu."

Martine alichukua kipaza sauti.

"Kamituga, Kamituga," alisema, "nakusikia."

* * *

Ukumbi wa parokia ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mbele, nyuma ya meza yenye kitambaa, alikaa mjumbe wa serikali, kando yake Constantin, na katika kiti cha tatu mtu asiyetajwa jina, akikohoa. Mstari wa kwanza waliketi Muzee Mushagalusa, mjane na mama Constance. Wanawake wa Mwenga hawakuonekana.

Mjumbe alisoma kwamba leseni ni jambo la kitaalamu. Constantin akaahidi chombo kipya cha Shabunda. Mwuza samaki wadogo wa sambaza, Agnès, mwanamke wa sauti ya soko, akaruka.

"Chombo kipya ya nini? Ili musikie bwana yangu muzuri zaidi?"

"Maman, tulia."

"Ninalipa ili nisemeshane na bwana yangu! Namba tatu mu kitanda yangu ni nani?"

Ukumbi ulicheka, mara ya mwisho siku hiyo. Emérence aliinuka kutoka ubavuni mwa ukumbi. Mkubwa wake, aliyekuwa karibu na mlango, alitikisa kichwa polepole. Emérence akaendelea kuinuka.

Alisema maneno machache. Isidore wa Walungu hakutuma habari. Chombo chake hakikuwa na betri. Habari ilitengenezwa katika ofisi ya Mawimbi-Kivu, Bukavu. Waliomwua Philémon walilijua jina lake na gari lake, na gari hilo alilitaja mara moja tu, mbele ya kaunta ya kampuni.

Kelele zilipanda. Mjumbe aligonga meza. "Ushahidi! Nani alitengeneza?"

"Mimi."

Martine alikuwa amesimama nyuma kabisa, mkoba mkononi, kama mtu aliyepita tu. Watu walimfungulia njia. Alitembea hadi mbele, na wengi waligeuza vichwa kwa ile sauti kabla hawajaiona sura.

Constantin ndiye aliyepata akili kwanza. Alizunguka meza, mikono imefunguliwa.

"Batu ya Bukavu! Mutoto wetu alikosa. Labda wivu, labda ujinga, sijui. Kampuni haikimbie. Kampuni italeta ng'ombe kwa familia, na vitambaa. Martine, yaka, kuya hapa. Piga magoti kwa maman. Omba musamaha."

Mjumbe aliitikia haraka kuliko alivyoitikia lolote siku ile. "Ni desturi nzuri. Ya nyumbani yaishe nyumbani. Familia ikipokea, hakuna procès wala korti, dosie imefungwa, na leseni tutaizungumza kwa amani."

Manung'uniko ya kukubali yalipita ukumbini. Ndivyo ilivyokuwa siku zote: aliyekosa hupiga magoti, wenye msiba hupokea, na kilichopokelewa hakifufuliwi tena. Emérence alilijua hilo kuliko sheria zote alizosomea. Alimtazama mkubwa wake. Mkubwa alikuwa ameanza kuvaa kofia.

Muzee Mushagalusa aliinuka kwa shida. Alinyoosha mkono wake mbele, kiganja juu.

"Omba, mutoto yangu," alisema. "Mimi pia mudomo yangu ilimutuma. Omba, tutapokea, tulale."

Magoti ya Martine yalikunjika kidogo. Kisha yakanyooka.

"Papa muzee, nikiomba, utapokea?"

"Nitapokea."

"Na itakwisha?"

"Itakwisha."

"Kwangu tu." Aligeuka akaonyesha meza kwa kidole, kwanza Constantin, kisha kiti cha tatu, kitupu, ambacho aliyekikalia alikuwa ametoka kimyakimya kwa mlango wa pembeni. "Huyu alinituma. Na ule wa chumba ya nyuma, ambaye amekimbia sasa hivi, alinituma. Balisema mbele yangu gari ya mahindi itapita saa ngapi. Nitasema vile mbele ya juge mu korti, na kila mahali banaponipeleka. Lakini nikipiga magoti hapa, ng'ombe itakuya, mutakula nyama, na kesho asubuhi kile chumba kitasikiliza tena, bamaman bakuye kutaja siku ya bwana zao."

"Martine!" Constantin alipiga kelele. "Omba!"

"Tangu niingie kazi nilisikia kila mukubwa. Leo basi."

"Uliua mutoto ya batu," mjumbe alisema, "na hauone hata haya?"

"Haya ninaona. Kuomba siombi."

Mkono wa muzee ulikuwa bado hewani. Mama Constance aliinuka. Alimkaribia Martine mpaka nyuso zao zikakaribia kugusana, akamtazama muda mrefu, na ukumbi mzima ukangoja ama kofi ama kilio. Hakutoa hata kimoja. Alirudi nyuma, akaushika mkono wa kaka yake, akaushusha.

"Muulize tena," alisema Constance, bila kumtazama mtu. "Batu basikie."

Emérence alisogea mbele, pingu mkononi.

"Martine, mbele ya familia ya Philémon Bisimwa, unaomba msamaha?"

"Hapana," alisema Martine, akanyoosha mikono yake miwili afungwe. "Siombi."